Namba ya Saa Nne Asubuhi

Kidevu kimekaa kwenye kikombe cha plastiki, paji la uso limegusa utepe, nami nimeambiwa nisipepese. Tone la ganzi limeshaingia, likafuatiwa na rangi ya manjano ambayo baadaye itaniachia michirizi kutoka mashavuni hadi kwenye kola. Mwanga wa buluu unasogea, unasogea, mpaka unalijaza jicho lote. Kuna kitu kinagusa konea yangu, ile ngozi angavu ya mbele ya jicho, ila sikihisi. Daktari anazungusha kigurudumu kidogo pembeni ya mashine, ananyamaza sekunde tatu, nne.

"Kumi na sita," anasema. "Safi sana, kaka."

Tunahamia jicho la pili. Kumi na saba. Anaandika, anafunga faili, na faili halifunguliwi tena mpaka miezi mitatu ipite.

Huu ni mwaka wa sita naishi kwa namba za aina hiyo. Nina glakoma, ugonjwa ambao wengi wetu tunauita presha ya macho, na nimeurithi kwa mama. Yeye alipogundua kwamba haoni vizuri, jicho lake la kushoto lilikuwa limeshakwenda karibu lote. Halikuwahi kumuuma. Alikuwa akijigonga bega la kushoto kwenye fremu za milango na kulalamika kwamba nyumba imekuwa ndogo. Sisi watoto tulicheka. Ndiyo maana siku nilipoambiwa namba yangu ya kwanza, ishirini na saba, sikuhitaji kuelezwa mara mbili. Nikaanza matone asubuhi na jioni, presha ikashuka hadi kumi na sita, nikajiona nimefaulu mtihani.

Kipimo kingine ndicho kilichonivuruga. Ni kile ambacho unaingiza uso kwenye bakuli jeupe, unakodolea nukta ya katikati, na kila ukiona kamwanga kamemulika pembeni unabonyeza kitufe. Mwaka wa tatu, karatasi yangu ilitoka na doa jeusi juu kidogo ya katikati, upande wa pua. Mwaka wa nne doa likapanuka. Mwaka wa tano likapata mwenzake. Katika miaka hiyo yote presha yangu kliniki ilisomeka kumi na sita, kumi na tano, kumi na sita, kumi na saba. Dawa nilikuwa natumia. Hata safarini kichupa kilikuwa mfukoni mwa shati. Daktari alipanga zile karatasi mezani, akazitazama muda mrefu, kisha akasema jambo ambalo sikutegemea kulisikia kwa mtu mwenye koti jeupe: "Najua presha yako ilivyo ukiwa umekaa hapa mbele yangu. Ukishatoka mlangoni, sijui."

Hapo ndipo nilipoanza kusoma kuhusu vihisi, yaani vidude vidogo vya kupima presha, vinavyopandikizwa ndani ya jicho. Nilisoma kwa uchu wa mtu mwenye shida yake, basi mnisamehe nikionekana nina upande.

Kwanza, hiyo kumi na sita ni nini? Ni milimita za zebaki, kipimo kilekile cha presha ya damu. Jicho si mpira uliojazwa mara moja ukafungwa. Nyuma ya iris, lile duara lenye rangi linalozunguka mboni, kuna tishu inayotengeneza maji safi kila wakati, kama mikrolita mbili na nusu kwa dakika, na maji hayo yanapita kwenye mboni, yanazunguka chumba cha mbele, kisha yanatoka kwenye kona kupitia chujio laini na kurudi kwenye damu. Maji yote ya chumba cha mbele hubadilishwa kwa muda usiozidi saa mbili hivi. Presha ni matokeo ya mvutano kati ya bomba na mfereji. Kwa wenye ugonjwa kama wangu, mfereji umeanza kuziba. Presha ikizidi kile ambacho mshipa wa fahamu wa jicho unaweza kuvumilia, nyuzi zake zinakufa moja moja, na zilizokufa hazirudi. Watu wengi wana presha kati ya 10 na 21, lakini wapo wanaopoteza uoni wakiwa na 14, na wapo wanaotembea na 25 maisha yao yote bila kudhurika.

Mashine inayonipima ilibuniwa na Hans Goldmann huko Bern, Uswisi, katika miaka ya 1950, na mpaka leo ndiyo kigezo ambacho vifaa vingine vyote vinalinganishwa nacho. Wazo lake ni rahisi hadi linafurahisha: bonyeza konea mpaka upate duara bapa la kipenyo cha milimita 3.06, kisha uliza imehitajika nguvu kiasi gani. Goldmann alichagua kipenyo hicho kwa sababu hapo gramu moja ya nguvu ni sawa na milimita kumi za zebaki. Kumi na sita yangu, kwa maneno mengine, ni gramu moja na nusu na kidogo. Alihesabu pia kwamba konea ya mtu ina unene wa kama mikroni 520, yaani nusu milimita na kidogo. Konea nene zaidi hudanganya kwa kupandisha namba, konea nyembamba hudanganya kwa kuishusha.

Siku moja daktari aliniruhusu nitazame kupitia kioo cha wanafunzi wakati anampima mgonjwa mwingine, mwenyewe akiwa amekubali. Niliona nusu duara mbili za kijani zinazong'aa, moja juu na moja chini, na kazi yake ilikuwa kuzungusha kigurudumu hadi kingo zao za ndani zigusane. Kilichonishangaza ni kwamba hazikutulia. Zilikuwa zinacheza, zikikaribiana na kuachana, taratibu, kwa mdundo.

"Moyo huo," daktari akanong'ona. "Kila pigo linasukuma damu ndani ya jicho. Mimi nachukua katikati."

Yaani hata kwa zile sekunde nne, namba ni makadirio ya kitu kinachocheza.

Mwaka 1969 madaktari wawili wa Marekani, Coleman na Trokel, walichapisha rekodi ya presha iliyochukuliwa moja kwa moja kutoka ndani ya jicho la mtu aliye macho. Walichokiona ni jicho lisilojua kutulia. Kupepesa tu kulipandisha presha kwa milimita kadhaa. Kufinya kope kwa nguvu kuliirusha juu kabisa, mara kadhaa ya kiwango cha kawaida, kisha ikaanguka. Tangu hapo orodha imerefuka. Kusugua macho kunapandisha. Kubeba kitu kizito huku umebana pumzi, kupuliza tarumbeta, kufunga tai ikabana shingo, kunywa lita moja ya maji kwa mkupuo, vyote vinapandisha. Kusimama kwa kichwa, kama wafanyavyo watu wa yoga, kunaweza kuifanya mara mbili. (Mimi sikuwahi kusimama kwa kichwa, lakini kusugua macho ni ugonjwa wangu wa pili.)

Na kuna kulala. Katika Chuo Kikuu cha California huko San Diego, watafiti kama John Liu na Robert Weinreb waliwalaza watu maabara usiku kucha na kuwapima kila baada ya saa mbili, mchana na usiku. Ukilala chali, presha inapanda, kwa sababu mishipa ya damu inayopokea maji ya jicho inajaa. Kwa wagonjwa wengi kilele cha siku kilikuwa usiku, nje kabisa ya saa za kliniki. Ajabu yake ni kwamba usiku jicho linatengeneza maji pungufu, karibu nusu ya mchana, na bado presha inapanda.

Jambo hilo lilinigusa binafsi, kwa sababu dawa yangu ilikuwa timolol. Timolol inafanya kazi kwa kupunguza utengenezaji wa maji. Mchana inasaidia sana. Usiku, wakati mwili wenyewe umeshapunguza, inakuwa kama kumtuma mtu akafunge bomba ambalo limeshafungwa. Kumi na sita yangu ya saa nne asubuhi ilikuwa ya kweli, tena ilikuwa inaonyesha dawa ikiwa katika saa zake nzuri kabisa.

Kliniki ikaniazima kifaa cha kupimia nyumbani kwa siku kumi. Ni aina iliyotokana na ubunifu wa Antti Kontiola wa Ufini: kijiti chembamba chenye kichwa cha plastiki kinarushwa kwenye konea, kinagonga na kurudi, na mashine inasoma jinsi kilivyopunguza mwendo. Jicho gumu linakirudisha haraka. Hakuna ganzi, unahisi kama unyoya umekupitia. Nilipima asubuhi nikiamka: 19. Adhuhuri: 16. Jioni: 15. Nikategesha kengele ya simu saa tisa usiku.

Kengele ikalia. Nikakurupuka, moyo ukienda mbio, nikapapasa swichi ya taa, mke wangu akauliza nani amekufa. Kifaa nilichopewa kilifanya kazi nikiwa nimeketi tu, basi nikaketi ukingoni mwa kitanda, nikajilenga, nikabonyeza. 23. Nikajaribu tena baada ya dakika tano: 20. Nikaelewa kwamba namba ninayoitafuta ilikuwa inanikimbia. Tangu dakika ile niliyoinuka kitandani, presha ilianza kushuka. Nilichopima kilikuwa presha ya mtu aliyeamshwa kwa kengele, ameketi, amekasirika. Ile ya jicho lililolala sikuipata, na kwa kifaa cha aina ile nisingeweza kuipata hata ningeamka usiku mia. Hata kule San Diego, watu waliolala walilazimika kuamshwa ili wapimwe.

Ndiyo maana nasema jicho lililolala linahitaji mlinzi anayekaa ndani.

Wazo hilo si geni. Mwaka 1967, miaka miwili kabla ya ile rekodi ya Coleman na Trokel, mhandisi mmoja wa Marekani, Carter Collins, alieleza kidude cha milimita chache alichokipandikiza kwenye macho ya sungura. Kilikuwa na koili mbili bapa zilizotazamana ndani ya kifuko kidogo chenye hewa. Presha ikipanda, kifuko kinabonyea, koili zinakaribiana, na mlio wake wa umeme, yaani masafa ambayo kinaitikia wimbi la redio, unabadilika. Nje ya jicho unaweka antena, unatuma wimbi, unasikiliza kinaitikia wapi. Hakina betri wala waya unaotoka. Ukiisoma leo, unashangaa kwamba karibu kila kilichokuja baadaye ni mjukuu wa kile kifuko.

Kwa nini basi imechukua nusu karne na zaidi? Majibu ni mengi: maji ya jicho yana chumvi na yanapenya hadi kwenye chuma, jicho linakasirika likiguswa, umeme wa kutosha haupatikani, nafasi ni finyu. Lakini kuna sababu moja ambayo mimi sikuwahi kuiwazia, na ndiyo iliyonikalisha macho.

Tunaposema presha ya jicho ni 16, tunamaanisha 16 juu ya presha ya hewa inayotuzunguka. Mashine ya kliniki haina haja ya kulijua hilo, kwa kuwa inabonyeza kutoka nje, na hewa iko pande zote. Kihisi kilichofungiwa ndani ya jicho, kwa upande wake, kinahisi kila kitu: hewa yote ya juu yetu pamoja na presha ya jicho. Usawa wa bahari hewa hiyo ni kama milimita 760 za zebaki. Kwa hiyo kihisi kinaona 776, na sisi tunataka ile 16. Tukitaka uhakika wa milimita moja, kifaa chenye ukubwa wa punje hakina budi kisikosee zaidi ya sehemu moja katika karibu mia nane, kikiwa kimelowa chumvi, kwa miaka. Na hiyo 760 yenyewe haikai. Ukipanda mita kumi na moja hivi, hewa inapungua kwa milimita moja. Hiyo ni ngazi za ghorofa tatu au nne. Dhoruba ikikaribia, inaweza kushuka kwa zaidi ya kumi. Bila kipimo cha hewa kwenye kisomeo cha nje, kinachotoa hesabu palepale, mgonjwa angepanda ngazi kwenda ofisini na kuambiwa ugonjwa wake umepungua.

Tatizo la pili, pacha wa hilo, ni kuhama kwa sifuri. Utando unaobonyea unachoka kidogo, silikoni inanyonya maji kidogo, protini zinajibandika juu yake kidogo. Kila mwezi namba inahama, na hakuna anayejua kama iliyohama ni presha au ni kipimo. Saa ya ukutani ukiitilia shaka unaitoa na kuirekebisha. Hiki kingekuwa nyuma ya iris yangu. Dawa yake, kwa kejeli fulani, ni kurudi kliniki, kuweka kidevu kwenye kikombe, na kulinganisha na Goldmann.

Pamoja na hayo yote, kifaa kimoja kilivuka mstari. Kampuni ya Implandata ya Hannover, Ujerumani, ilitengeneza pete inayoitwa eyemate, ikapata kibali cha Ulaya mwaka 2017. Ndani ya pete ya silikoni mna chipu yenye vihisi vya presha na koili ya dhahabu inayotumika kama antena. Mgonjwa anayefanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho anapowekewa lenzi mpya, pete inawekwa nyuma ya iris katika upasuaji uleule. Akishapona, anashika kisomeo cha mkononi karibu na jicho. Wimbi lake linaipa chipu umeme wa kutosha kujipima na kujibu. Ni Collins tena, safari hii akiwa na kompyuta. Baadaye ukaja muundo mwingine wa kampuni hiyohiyo, mdogo zaidi, unaowekwa kati ya ukuta mweupe wa jicho na tabaka la mishipa ya damu, wakati wa upasuaji wa glakoma.

Nilivutiwa na uaminifu wa ripoti ya majaribio ya kwanza. Wagonjwa walikuwa sita tu, na wanne kati yao walipata uvimbe ndani ya chumba cha mbele cha jicho baada ya upasuaji. Haukuwa wa vijidudu, ulitulia kwa dawa, lakini ulikuwepo. Nilipolisoma hilo niliweka simu chini nikatembea kidogo. Ukitaka kujua presha ya jicho kwa kuingia ndani yake, lazima kwanza ulisumbue jicho lenyewe. Mtu kama mimi, ambaye lenzi zangu bado ni safi na sina sababu nyingine ya kupasuliwa, atakubali hatari hiyo kwa ajili ya kupima tu? Kwa pete ile jibu langu ni hapana. Kwa punje itakayoingizwa kwa sindano, ningefikiria.

Na punje zinatafutwa. Chuo Kikuu cha Michigan mwaka 2011 kilionyesha kompyuta kamili yenye ujazo wa milimita moja na kitu za ujazo, pamoja na kihisi cha presha, redio, betri na kipande cha sola, kwa ajili ya jicho. Inalala karibu muda wote na kuamka kila dakika kumi na tano kupima. Mwaka 2014 Ismail Araci na Stephen Quake wa Chuo Kikuu cha Stanford, wakishirikiana na Yossi Mandel, walikwenda njia nyingine kabisa: mfereji mwembamba wenye hewa upande mmoja, ambao maji ya jicho yanaingia na kusogea mbele presha ikipanda, kama zebaki kwenye kipimajoto cha zamani. Unaipiga picha kwa kamera ya simu na kuona maji yamefika wapi. Hakuna umeme wowote ndani. Mimi nina udhaifu kwa vitu vya namna hiyo, vinavyofanya kazi kwa ujanja bila nguvu nyingi. Ila angalieni: hiyo inahitaji picha, na picha inahitaji jicho lililo wazi. Saa tisa usiku tunarudi kulekule kwenye kengele.

Msomaji ataniuliza kuhusu lenzi ya kuvaa, ile ya Triggerfish kutoka Uswisi, iliyoruhusiwa Marekani mwaka 2016. Hiyo haipandikizwi. Ni lenzi laini yenye uzi wa kihisi unaozunguka. Unaivaa saa ishirini na nne, ukilala na ukiamka, na kila dakika tano inarekodi kwa nusu dakika. Jambo la kujua ni kwamba haikupi milimita za zebaki. Inapima jinsi mzingo wa jicho unavyotanuka na kusinyaa, na kutoa mchoro wenye vizio vyake yenyewe. Unaona mlima na bonde, lakini hujui mlima una urefu gani. Ni nzuri kujua kilele chako kiko saa ngapi. Kwa kuamua dozi, inakuacha njia panda.

Sasa swali gumu. Tuseme ninayo punje. Kila dakika kumi na tano, mwaka mzima, ni vipimo 35,040. Daktari wangu ana vinne. Tutafanya nini na 35,036 vilivyobaki?

Wataalamu wenyewe hawajakubaliana kama kupanda na kushuka kwa presha ni hatari peke yake, au kinachoua mshipa ni wastani tu. Uchambuzi wa utafiti mkubwa wa Marekani uitwao AGIS ulikuta kwamba wenye presha inayoyumba waliharibikiwa zaidi. Ule wa Sweden, EMGT, ulitafuta jambo hilohilo na haukuliona, ingawa ndio ulioonyesha kwamba kila milimita moja ya presha inayoshushwa inapunguza hatari ya ugonjwa kusonga mbele kwa kama asilimia kumi. Lakini pande zote mbili zilibishana kwa kutumia nini? Namba za kliniki, zilizochukuliwa miezi kadhaa mbali, mgonjwa akiwa ameketi. Ni kama watu wawili kubishana kuhusu mawimbi ya bahari kwa kutumia picha nne za mwaka mzima. Ubishi huo hautakwisha mpaka kitu kikae ndani ya macho ya kutosha kwa miaka ya kutosha.

Kuna mfano kutoka kwenye moyo unaonipa matumaini. Kifaa kiitwacho CardioMEMS, kilichoruhusiwa Marekani mwaka 2014, kinakaa ndani ya mshipa wa mapafu na kupima presha bila betri, kwa koili inayoitikia wimbi la redio. Wagonjwa wenye moyo uliodhoofika wanajipima kila siku nyumbani, na madaktari wanabadilisha dawa kabla mtu hajaanza kuhema. Utafiti wake ulionyesha kwamba walilazwa hospitali mara chache kuliko wale ambao madaktari wao hawakuziona namba hizo. Faida haikutoka kwenye kihisi peke yake. Ilitoka kwa mtu aliyekuwa anaisoma namba na mwenye ruhusa ya kuibadilisha dawa asubuhi hiyohiyo. Bila mtu huyo, punje yangu itakuwa kinyago cha bei.

Nina hofu nyingine isiyo ya kitaalamu. Zile siku kumi za kifaa cha kuazima, nilijipima mara ambazo sikuambiwa. Nilijipima baada ya kugombana na mtu kwenye simu. Nilijipima baada ya kuinua ndoo. Siku ya saba mke wangu alikichukua kifaa akakifungia kabatini, akasema, "Baba, umekuwa mlinzi wa jicho, hulitumii tena." Alikuwa na haki. Mama aliishi miaka mingi bila namba hata moja na ugonjwa ukamla. Mimi ningeweza kuishi na namba elfu thelathini na wasiwasi ukanila. Kama nitaruhusiwa kuchagua, nataka kihisi kinachopima kimya na kumwambia daktari, na mimi kiniambie mara moja kwa mwezi, isipokuwa kuna la dharura. Na ninataka iandikwe mahali kwamba namba hizo ni zangu, si za kampuni wala za bima itakayotaka kujua kama niliruka dozi. Maana kihisi kitajua pia hilo. Kila daktari wa macho anafahamu kwamba wagonjwa huanza kutia matone kwa bidii siku chache kabla ya kliniki. Mimi? Mimi pia, wakati fulani.

Nilirudisha kifaa pamoja na karatasi yenye namba zangu zote, saa pembeni ya kila moja. Daktari aliipitia kwa kidole, akasimama kwenye 23 ya saa tisa usiku.

"Ulikuwa umeketi?"

"Nimeketi, Daktari. Dakika moja baada ya kuamka."

"Kwa hiyo ukiwa umelala ilikuwa juu ya hapa."

"Nadhani."

Aliniongezea latanoprost, tone moja usiku, dawa inayoyafungulia maji njia nyingine ya kutokea na ambayo haijali bomba liko wazi au limefungwa. Hakuniahidi kitu. Akasema tutaitazama karatasi ya madoa baada ya miezi sita.

Kisha kidevu kwenye kikombe, ganzi, manjano, buluu. Alizungusha kigurudumu.

"Kumi na nne."

Aliandika 14. Kalamu ikabaki hewani kidogo, akatazama saa ya ukutani, kisha kando ya namba, mahali ambapo kwa miaka sita hapakuwahi kuandikwa kitu, akaongeza: saa 4:10 asubuhi, ameketi.